Shughuli Iko Ukingoni

Fundi wangu wa gari hapa Kisumu ana kopo la grisi nyeusi anayopaka kwenye jointi za ekseli. Nikimwambia kuwa weusi ule ndio unaonilipa mshahara, hucheka. Lakini ndiyo hiyo hiyo: molibdenamu disalfaidi. Imepangana karatasi juu ya karatasi, kila moja ikiwa safu ya molibdenamu iliyobanwa na salfa juu na chini, unene wake haufiki nanomita moja. Karatasi hazijashikana sana, ndiyo maana huteleza.

Ukipasua maji kwa umeme upate hidrojeni, unahitaji angalau volti 1.23. Kila kinachozidi hapo ni umeme wa Olkaria, mitambo yetu ya mvuke wa ardhini, unaogeuka joto bure. Kinachopunguza ziada hiyo huitwa kichocheo: huharakisha kazi bila chenyewe kuliwa. Platinamu huifanya vizuri kuliko chochote, ila bei yake tuiache. Mimi natafuta kama ule weusi wa grisi unaweza kushika nafasi yake.

Kichocheo kizuri ni kama kiti cha matatu: abiria akae, halafu ashuke. Hidrojeni isiposhika, hakuna safari. Ikishika mno, kiti kimezibwa. Mwaka 2005 wanasayansi wa Denmark walipiga hesabu wakaona kwamba ukingoni mwa karatasi hizi hidrojeni hushika karibu kama kwenye platinamu. Mwaka 2007 mtafiti Jaramillo na wenzake wakapima: kasi ya kutoa hidrojeni ilifuata urefu wa kingo, wala si ukubwa wa uso wa karatasi. Uso wote ule umelala tu.

Basi kazi yetu ni kuuamsha, au kuongeza kingo. Unazichanachana karatasi. Unang'oa atomu za salfa usoni ili mashimo yafanye kazi. Au unapenyeza lithiamu katikati mpaka atomu zijipange upya na karatasi ipitishe umeme kama chuma. Hiyo ya mwisho siipendi. Kemikali yake hulipuka moto ikionja hewa.

Kuna wakati sampuli yangu ilizidi kuimarika kila siku. Kichocheo kinachonawiri kwa kutumika! Nilishaanza kuandika ripoti. Kumbe waya wa platinamu upande wa pili wa chombo, ule unaokamilisha njia ya umeme, ulikuwa ukiyeyuka kidogo kidogo ndani ya asidi na kujipaka juu ya sampuli. Wiki nzima nilikuwa naisifu platinamu. Nikauondoa, nikaweka kijiti cha grafaiti na sampuli mpya, na ule muujiza ukaisha siku hiyo hiyo.

Sasa mwanafunzi akiniletea grafu tamu, kabla sijaitazama namuuliza upande wa pili ameweka nini.