Madigadi: ni nini, na hulinda nini kwenye gari la pwani

Madigadi ni kizuizi kinachokaa juu na nyuma ya gurudumu ili matope, maji na changarawe inayorushwa na tairi isifike kwenye bodi ya gari wala kwa anayekuja nyuma. Neno tulilizoea kwenye baiskeli, ambako ni bati moja tu lililopinda. Ling'oe siku ya mvua na mgongo wa shati utakueleza kazi yake.

Kwenye gari, jina hilo hilo limebeba vitu vitatu, na hapa Malindi nimewaona wengi wakipotezana na fundi kwa sababu hiyo. Kuna fenda, lile bati la nje lenye rangi. Kuna plastiki nyeusi iliyopinda ndani, kati ya tairi na bati, ambayo huioni mpaka uiname. Halafu kuna kipande cha mpira kinachoning'inia nyuma ya tairi. Mtu akisema "nitilie madigadi" huwa anataka hicho cha mwisho, na kumbe ile plastiki ya ndani ilishang'oka siku nyingi na matope yanapiga bati moja kwa moja kwa upande usioonekana. Ukitaka kuanza mahali, anza na plastiki hiyo.

Kijiwe kikinaswa kwenye meno ya tairi huzunguka nalo kidogo, kisha huachia na kuruka kwa mstari ulionyooka. Gari likiwa linakwenda kilomita 80 kwa saa, kijiwe hicho hulifikia bodi kwa kasi inayokaribia hiyo hiyo. Ndiyo maana majeraha hayatokei ovyo. Yako nyuma ya gurudumu la mbele, chini ya milango, na kwenye ukingo wa mbele wa tao la gurudumu la nyuma. Mpira wa nyuma ya tairi ukiwa mwembamba kuliko tairi, au ukiishia juu sana, vijiwe vitaupita tu.

Boneti ni habari nyingine. Vidonda vya boneti na kioo cha mbele huletwa na magari ya wenzako, na gari linalokuja mkabala nawe ndilo baya zaidi, maana kasi yake na yako zinajumlishwa. Hapo madigadi yako haina la kufanya. Umbali na lori lililo mbele ndio kinga, na wenye uwezo hubandika utando wa plastiki angavu juu ya rangi.

Rangi yenyewe ni nyembamba kuliko tunavyodhani. Bati la bodi kwa kawaida halifiki milimita moja. Juu yake kuna praima (rangi ya kwanza inayoshika chuma), rangi yenyewe na vanishi (tabaka angavu la juu), na zote kwa pamoja ni kama milimita 0.1 hadi 0.15, yaani unene wa nywele mbili hivi. Kijiwe kimoja kinatosha kufika kwenye chuma.

Bara, kidonda kama hicho kinaweza kukungoja. Huku kwetu hakingoji. Kutu huhitaji chuma, maji na oksijeni, na chumvi huiharakisha kwa sababu maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi, na kutu ni kazi ya umeme mdogo mdogo juu ya chuma. Sisi hewa yenyewe ina chumvi. Kutoka Malindi kwenda Gongoni na Marereni watu huyaanika maji ya bahari juani wakavuna chumvi, basi fikiria upepo wa kusi unabeba nini hadi kwenye gari lililolala nje. Matope nayo yakijaa kwenye mikunjo ya ndani ya fenda hukaa na unyevu siku nyingi baada ya bodi kukauka. Kwa hiyo gari linalolala na matope huoza kuliko linalolala na maji ya mvua tupu. Nikifika Mokowe hutazama magari yaliyoachwa hapo na wenyewe waliovuka kwenda kisiwani Lamu. Mengine yamefika na tope la safari nzima, yakakaa siku kadhaa kando ya bahari, na huniuma kuyaona hivyo.

Mjomba wangu ana gari aina ya Probox inayopinda Mambrui kuelekea Marafa karibu kila siku. Alitiliwa madigadi za mpira, nzuri, pana. Fundi alitoboa fenda kwa drili, akakaza skurubu, akamaliza. Masika yalipopita, rangi ikaanza kufura kama malengelenge kuzunguka kila skurubu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo huinyanyua rangi kutoka chini. Tulipoufungua ule mpira tukakuta tope jekundu limeshindiliwa nyuma yake, bado bichi, na bati limekuwa maganda. Kitu kilichowekwa kulinda fenda ndicho kilichoifungulia kutu.

Kosa lilikuwa tundu. Tundu lililotobolewa lina ukingo wa chuma kitupu, na ni lazima lipakwe praima na rangi kabla ya skurubu kupita, skurubu yenyewe iwe isiyoshika kutu na ipakwe grisi. Bora zaidi ni kutumia matundu ambayo kiwanda kiliyaacha kwa ajili ya plastiki ya ndani. Na mpira usibanwe kwenye bati kiasi cha kufanya mfuko. Uachiwe nafasi maji yapite.

Kuosha nako kuna namna yake. Mchanga una madini yaitwayo kwatzi, na kwatzi ni ngumu kuliko kioo, sembuse vanishi. Ukifuta vumbi kwa kitambaa kikavu unaikwaruza rangi kwa mkono wako. Mwaga maji mengi kwanza, na yaanzie chini, ndani ya matao ya magurudumu. Kisha pitisha kidole kwenye mkunjo wa ndani wa tao, pale tope linapojificha. Maji ya kisima yenye chumvi yasiwe ya mwisho kuligusa gari. Suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hata kama ni ndoo moja. Chini ya milango kuna vitundu vidogo vya kutolea maji ambavyo huziba kwa udongo. Mimi huvizibua kwa njiti ya chelewa, haikwaruzi.

Kidonda kilichokwisha kufika kwenye chuma kisugue kwa msasa mpaka chuma king'ae, upake praima, kisha rangi, kisha vanishi, na usikiache kipitiwe na mvua nyingine. Probox ya mjomba tulikata sehemu iliyooza, tukachomelea bati jipya, tukapaka kwa ndani pia, upande ambao hakuna atakayeuona. Madigadi zile zile za mpira zimerudi, safari hii kwenye matundu ya kiwanda, na kila Ijumaa kabla ya swala mjomba huzisukuma kwa kidole kuona kama nyuma yake kumekauka.