Vyombo vya Ibada vya Kiyahudi vya Udongo: Yanayosemwa na Yalivyo

"Amri ya pili inakataza sanaa, basi chombo kisiwe na mapambo." Kinachokatazwa ni sanamu ya kuabudiwa. Sakafu ya sinagogi la Beth Alpha, Israeli, ya karne ya 6, imejaa picha za watu na wanyama. Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, ikifafanua Kutoka 15:2, inamtaka Myahudi atimize amri kwa vifaa vizuri.

"Hanukia ni ile menora ya Hekaluni." Menora, kinara cha Hekalu, ilikuwa na taa 7. Hanukia, kinara cha Hanuka, sikukuu ya taa ya siku 8, ina 8, mbali na shamashi, mshumaa wa kuwashia mingine. Hizo 8 ziwe kimo kimoja, kwa desturi katika mstari ulionyooka. Shamashi hukaa juu zaidi au kando. Kilicho chini ya ndimi za moto ni hiari ya mfinyanzi: mizabibu, kuta za Yerusalemu, chochote imani yake inachomtuma.

Vipimo ndivyo vinavyoponza wengi. Udongo ukisinyaa asilimia 12, tundu la milimita 12 hubaki 10.5, na glezi (rangi ya maji inayogeuka kioo tanurini) ikiingia, mshumaa wa milimita 10 haukai. Paka nta ndani ya tundu kabla ya glezi, ili isishike humo. Kitako bapa hujikunja kingo zikitangulia kukauka, hivyo zifunike kwa plastiki. Vishikio vya mishumaa bandika udongo ukiwa nusu mkavu, ukikwaruza pande zote mbili na kupaka uji wa udongo. Kibichi juu ya kikavu hupasuka, na pengine ufa hauonekani mpaka ufungue tanuri.

"Taa ya mafuta ya udongo haifai Hanuka." Inafaa. Ila Shulkhan Arukh, kitabu cha sheria za Kiyahudi, huihesabu isiyo na glezi kuwa imechakaa baada ya usiku mmoja. Yenye glezi hutumika tena kama ya chuma.

"Kikombe chochote kizuri kinafaa Kidushi." Kikombe cha Kidushi, baraka ya Sabato inayosomwa juu ya divai, kisiwe kimemeguka, na kibebe mililita 86 kwa hesabu ndogo ya marabi, karibu 150 kwa kubwa. Kumbuka, ile asilimia 12 ya kusinyaa ni ya urefu. Ujazo hupungua karibu theluthi. Ukitaka 150, finyanga cha 220.

"Utakatifu wa mezuza uko kwenye kasha." Mezuza ni andiko la Torati linalowekwa kwenye mwimo wa mlango, na utakatifu uko kwenye ngozi iliyoandikwa kwa mkono, karatasi iliyochapishwa ni bure, hata kasha liwe la fahari vipi. Ngozi ya sentimita 10 inahitaji nafasi ya 12 katika udongo mbichi. Wakati wa kulifunga mlangoni, weka kipande cha mpira chini ya skrubu, maana ikikazwa moja kwa moja hupasua kasha.