Je, wajua kwa nini mkate wa kumimina hugoma kuumuka mwezi wa saba?

Ramadhani ya mwaka 2016 ilinikuta Iringa, mgeni wa miezi mitatu, nina blenda, mchele wa Kyela na ujasiri wa mtu aliyekulia Tanga. Nilikuwa nimealika majirani watatu waje kufuturu. Nikasaga mchele, nikatia tui, iliki, sukari na hamira, nikafunika bakuli saa nane mchana kama nilivyomwona shangazi akifanya tangu utotoni, nikajilaza kidogo. Saa kumi na moja nikafunua. Rojo ilikuwa pale pale nilipoiacha, nyeupe, imetulia, haina hata kiputo cha kudanganyia. Adhana ilipolia tukafuturu mihogo na chai. Mkate ulikuja kuwa tayari kumiminwa saa tatu usiku, wageni wakiwa tarawehe.

Nikampigia shangazi. Baada ya shikamoo na marahaba, hakuniuliza hamira niliinunua lini wala mchele niliuloweka muda gani. Aliuliza jambo moja tu: "Huko mwanangu kuna baridi?"

Kwa msomaji wa bara ambaye hajaujua, mkate wa kumimina ni mkate wa mchele na nazi, mtamu, laini, ukiukata unaona ndani vitundu vingi vilivyosimama kama sega la nyuki. Jina limetokana na kazi yenyewe: haukandwi wala hausukumwi, ni rojo inayomiminwa kwenye sufuria au sinia lililopakwa samli na kupata moto. Wapo pia wanaouita mkate wa sinia, au mkate wa mchele basi. Ndugu zake ni vitumbua na vibibi, vyote watoto wa bakuli moja la mchele uliolowekwa. Hata ng'ambo ya bahari ana jamaa: huko Kerala, kusini-magharibi mwa India, wanapika vattayappam, mkate wa mchele, nazi na iliki unaoivishwa kwa mvuke, na wengine badala ya hamira hutia tembo la mnazi. Ukiuonja bila kuambiwa unaweza kuapa umetoka Ngamiani, kule kwetu Tanga mjini.

Kabla ya baridi, kuna fumbo la kwanza, na kusema kweli ndilo kubwa zaidi. Mkate huu ulipaswa usiumuke kabisa, hata Tanga, hata mwezi wa pili.

Hamira ni viumbe hai, fangasi wa seli moja moja, na kijiko kimoja cha chai kina mabilioni yao. Wanakula sukari, wanatoa kilevi kidogo na gesi ya kaboni dayoksaidi. Gesi hiyo ndiyo inayouinua mkate. Lakini gesi bila kitu cha kuizuia hupaa tu ikaondoka. Kwenye maandazi au mkate wa ngano kazi ya kuizuia hufanywa na gluteni, utando unaonyumbuka unaojengeka protini mbili za ngano, gliadini na glutenini, zinapokutana na maji na mkono wa mkandaji. Utando huo hujaa gesi kama puto. Mchele hauna gluteni hata chembe. Ukande mpaka mkono uume, hupati puto.

Sasa nini kinazishika zile tundu?

Jibu zuri nililowahi kulipata linatoka Japani, nchi ya wala wali ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikitafuta namna ya kuoka mkate kwa mchele mtupu. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Hiroshima walieleza kwamba mkate wa mchele usio na gluteni unaweza kuumuka vizuri, ila kwa sharti: unga usagwe na maji, kwa namna ambayo haiziharibu chembe za wanga. Chembe zikibaki nzima hujipanga kuzunguka kila kiputo cha gesi, zikakifunika kama kokoto zilizopangwa kuzunguka kisima, na kiputo hakipasuki. Zikipondeka, kama inavyotokea mchele mkavu unaposagwa kwa nguvu na joto la mashine, hunywa maji kupita kiasi na kugeuka gundi, na viputo vinapasuka.

Niliposoma hayo nilicheka peke yangu. Kuloweka mchele usiku kucha na kuusaga ungali na maji ndiyo hatua ya kwanza ambayo kila mpishi wa pwani angekwambia, tena kwa sauti ya kushangaa kwamba kuna mtu anauliza. Mchele uliolowekwa hulegea kiasi kwamba ukiusugua punje moja kati ya kucha mbili inamomonyoka yenyewe, kwa hiyo blenda inaitenganisha bila kuiponda. Ndiyo maana ukitumia unga wa mchele wa pakiti, hata ufuate vipimo vyote, mara nyingi unapata kitu kizito kinachonata kwenye meno. Saa sita za kuloweka ndizo kiwango changu cha chini. Usiku mzima ni bora. Ute wa yai, kwa wanaotia, unaongeza utando mwingine wa protini, lakini mimi nauona kama mkongojo: unasaidia, ila mkate wa mchele uliolowekwa na kusagwa vizuri unaweza kusimama bila huo.

Turudi kwenye baridi.

Fangasi wa hamira hufanya kazi vizuri zaidi kwenye joto la kati ya nyuzi 25 na 35 hivi. Chini ya hapo hawafi, wanazubaa. Kanuni ya jikoni ni kwamba joto likishuka kwa nyuzi 10, kazi inayofanywa kwa saa moja inataka karibu saa mbili. Sasa fikiria Tanga wakati wa kaskazi, mwezi wa pili, mchana nyuzi 32, hata maji ya bombani yana vuguvugu. Rojo inaumuka ndani ya dakika arobaini na ukichelewa inamwagika mezani. Mwezi wa saba upepo ni wa kusi, kipupwe kimeingia, jikoni asubuhi ni nyuzi 21 au 22, na watu wanaanza kuilaumu hamira ya dukani. Iringa, mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, usiku wa mwezi wa sita na wa saba unaweza kushuka mpaka kwenye nyuzi 11. Bakuli langu la udongo, juu ya sakafu ya saruji, karibu na dirisha, lilikuwa jokofu.

Halafu nilikuwa nimezidisha kosa kwa sukari. Nilipoona hali si hali niliongeza vijiko vitatu, nikidhani nawapa hamira chakula. Sukari kidogo ni chakula kweli, lakini ikizidi inayanyonya maji kutoka ndani ya seli zao na kuwadhoofisha. Ni kama kumpa mgonjwa pilau.

Shangazi hakutumia neno hata moja kati ya haya. Alisema tu: "Ulifunike." Na kweli Tanga, nikikumbuka, bakuli la mwezi wa saba halikukaa mahali pamoja na bakuli la mwezi wa pili. Wakati wa kaskazi lilikaa barazani, kwenye kivuli, na mtu alitumwa kulichungulia. Wakati wa kipupwe lilifungwa kwa kanga mbili likawekwa kando ya jiko la mkaa lililokwisha kupikiwa, likila joto la majivu. Kipimo chake cha hamira pia hakikuwa kimoja, ila kwa kuwa alipima kwa vidole hakuna aliyegundua.

Siku hizi natumia hotipoti kubwa: naweka maji ya vuguvugu chini, bakuli juu, nafunika. Mwenye oveni anaweza kuweka bakuli ndani, oveni ikiwa imezimwa, pamoja na sufuria ya maji ya moto. Tui nalipasha mpaka nikidondosha tone kwenye kifundo cha mkono nisilihisi moto wala baridi. Likiwa la moto sana usingoje kitu. Hamira huanza kufa joto likivuka nyuzi 55 hivi. Na uache nafasi kwenye bakuli, kwa sababu huku milimani hewa ni nyepesi na rojo ikishaanza kuumuka haina breki.

Vipimo vyangu, kwa anayetaka: vikombe viwili vya mchele uliolowekwa, kikombe kimoja na nusu cha tui zito, robo tatu ya kikombe cha sukari, hamira kijiko kimoja cha chai, iliki, chumvi kidogo sana. Mwezi wa pili hamira napunguza iwe nusu kijiko. Rojo ya joto isiachwe hivi hivi mchana kutwa, kwani tui huchacha na mkate unakuja na ukali ambao iliki haiufichi.

Moto nao una kisa chake, na hapa ndipo wengi wanapopoteza mkate uliokwisha kuumuka vizuri. Kinachotokea ndani ya sufuria ni mbio. Rojo ikipata joto, gesi inatanuka na viputo vinapanda kwa kasi, hamira wanatoa pumzi ya mwisho na kufa. Baadaye kidogo, kwenye nyuzi kati ya 65 na 75, wanga wa mchele unavimba na kuganda, na kuta za vitundu zinakuwa imara. Wanga ukiwahi, unapata sega. Moto ukiwa mdogo mno, viputo vinaungana, vinapasuka juu, na chini inabaki tabaka jeusijeusi la kijivu linalonata ambalo kwetu tunasema mkate umelala. Kwa sababu hiyo sufuria lazima iwe imepata moto kabla ya kumimina, usikie "shiii" ndogo.

Upande wa juu ndiyo sababu ya kupalia makaa kwenye mfuniko. Joto la jiko linapita kwenye rojo kutoka chini kwenda juu polepole sana, kwa hiyo ukitegemea chini peke yake kitako kitaungua uso ungali uji. Lakini makaa yasiwahi. Subiri uso uonyeshe vitundu na kingo zianze kukauka, ndipo upalie, la sivyo uso unajifunga kama kifuniko na mvuke unautumbua katikati. Kwenye oveni ya nyuzi 180 huhitaji hadithi yote hii, ingawa mimi bado naona ganda la juu la makaa lina harufu ambayo waya wa umeme haujawahi kuitoa. Ikishindikana kabisa, rojo iliyogoma usiimwage. Chota upawa, mimina kwenye kikaango, una vibibi.

Kitu kimoja kilinichukua miaka kukielewa. Nilikuwa na hakika kwamba mikate ya Ramadhani za utotoni ilikuwa inaumuka kwa urahisi kuliko ya utu uzima wangu, nikadhani ni hamira za zamani. Kumbe ni kalenda. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi, kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka na kuzunguka majira yote kwa miaka 33 hivi. Utotoni niliikuta kwenye kaskazi. Mwaka 2015 na 2016 ilianza mwezi wa sita, kipupwe chenyewe. Mwaka 2026 ilikuwa imesharudi mwezi wa pili, na rojo yangu, huku huku Iringa, ilikuwa tayari kabla ya alasiri.

Na mwaka 2030, kwa mzunguko huo huo, kutakuwa na Ramadhani mbili ndani ya mwaka mmoja: moja ikianza Januari, nyingine mwishoni mwa Desemba. Zote kaskazi. Nilimpigia shangazi kumpa habari njema kwamba hatutahitaji kanga wala majivu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi na nazi zitapanda bei mara mbili."