Zabibu za uani: ukate lini, uzitunze vipi

Wenye mzabibu mmoja au miwili uani, hapa Dodoma, kuanzia Veyula mpaka Mpunguzi, huniuliza swali lilelile: zabibu zimeshakuwa nyekundu, mbona bado chachu?

Zimekatwa mapema, na huko ndani ulikoziweka hazitabadilika. Embe likikomaa unalichuma na kulivundika, linaiva. Zabibu haivundikiki. Sukari yake inatoka kwenye majani, na ukishakata kikonyo njia hiyo imefungwa.

Rangi hutangulia utamu. Kwa hiyo onja punje ya ncha ya chini ya kichala, maana hiyo ndiyo huchelewa kuiva. Za juu zitakudanganya. Kisha tazama mbegu. Ikiwa kijani, subiri. Ikiwa kahawia na inavunjika ukiitafuna, kata. Wenye refraktomita, kifaa cha kupima sukari ya tunda, watafute nyuzi 16 hadi 18 za briksi (kipimo cha sukari hiyo) kwa zabibu za kula. Za mvinyo huachwa zaidi, mpaka 20 na kuendelea.

Dodoma hatuna baridi ya kuulaza mzabibu, sisi huuamsha kwa kupogoa, ndiyo maana tunavuna mara mbili kwa mwaka. Mavuno ya Agosti na Septemba hayana shida, hewa ni kavu. Ya Februari na Machi yanataka umakini. Punje hunywa maji ya mvua, hupasuka, na iliyopasuka moja inatosha kuleta ukungu wa kijivu ukaenea kichala kizima. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi usikate. Acha jua na upepo vikaushe kwanza.

Kata kwa mkasi, umande ukishakauka na jua halijawa kali, ukishika kikonyo na siyo punje. Ule utando mweupe mwembamba juu ya ganda ni nta ya tunda lenyewe, huzuia maji yasitoke. (Ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu mweupe, ni kitu kingine: hukaa kwa mabaka, na ukiupangusa unaacha madoa.) Ukiosha zabibu kabla ya kuzihifadhi, unaondoa nta na kuacha unyevu, na hakuna linaloziozesha haraka kama hilo. Osha za kula sasa hivi tu.

Toa punje zilizopasuka, panga vichala tabaka moja kwenye mfuko wenye matundu, weka friji mbali na vitunguu, kwa sababu zabibu hunyonya harufu. Zitakaa wiki moja hadi mbili.

Kama huna friji, usihangaike, kausha. Hapa ndipo zinaoshwa: zichovye sekunde chache kwenye maji yanayochemka ili ganda lipate nyufa ndogo, zitandaze kwenye chanja, zifunike kwa chandarua na uziingize ndani jioni. Kilo 4 mbichi hutoa takriban kilo 1 ya zabibu kavu. Bonyeza moja: isipotoa maji, ziache zipoe kabisa ndipo ufunge kwenye chupa yenye mfuniko.