Je, wajua? Ngumi iliyofichwa ndani ya saa ya mkono

Tarehe mosi Julai nilipitia Oginga Odinga Street hapa Kisumu, kwa fundi saa mmoja mzee anayeketi na kijisanduku chake cha kioo barazani mwa duka la nguo. Saa yangu, Seiko 5 niliyorithi kwa mjomba, ilikuwa inatembea vizuri ila kidirisha chake kilisema leo ni tarehe 31. Juni haina tarehe 31.

"Mzee, hii saa imeanza kudanganya."

Hakuinua kichwa. "Haidanganyi, haijui tu. Nani aliiambia kwamba Juni imeisha?"

Akakivuta kile kichwa cha pembeni mlio mmoja, akakizungusha polepole kwa ukucha wa kidole gumba mpaka 1 ikachungulia. Akanionya nisijaribu hivyo kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku. Saa hizo jino la mashine huwa limeshashika gurudumu la tarehe ili lilisukume, na ukilazimisha utalikata. Kisha akanirudishia saa yangu: "Tuonane Oktoba mosi."

Alikuwa amepiga hesabu kichwani. Saa ya kawaida yenye tarehe huhesabu hadi 31 kila mwezi, basi. Miezi mitano ya mwaka haifiki huko, kwa hiyo mara tano kwa mwaka mwenyewe huna budi kuisahihisha: Machi mosi, Mei mosi, Julai mosi, Oktoba mosi na Desemba mosi. Lakini zipo saa za mkono, zisizo na betri wala kompyuta, ambazo, mradi zisisimame, huna haja ya kuzigusa hata mara moja hadi mwaka 2100. Zinajua Aprili ina siku 30. Zinajua Februari, na zinajua hata Februari ya mwaka mrefu. Zinaitwa saa za kalenda ya milele. Zinajuaje?

Kunja ngumi. Wengi wetu tulifundishwa shuleni kuhesabu miezi kwa vifundo vya vidole: kifundo ni Januari, siku 31, bonde ni Februari, fupi, kifundo Machi, bonde Aprili. Ukifika Julai kwenye kifundo cha mwisho, unarudi mwanzo na Agosti inaangukia kifundo pia. Sasa ichukue ngumi hiyo, uichonge kwa chuma iwe duara dogo kuliko kitufe cha shati. Hilo ndilo gurudumu la miezi. Ukingoni lina nafasi 48, mwezi mmoja mmoja kwa miaka minne. Nafasi 28 ni za juu, za miezi ya siku 31. Kumi na sita zina bonde la kina kidogo, za siku 30. Tatu ni mabonde marefu ya Februari yenye siku 28, na moja pekee, ya mwaka mrefu, ni fupi kidogo kuliko hayo matatu.

Juu ya ukingo huo pameegemezwa mdomo wa wenzo, kama kidole cha kipofu kinachopapasa. Kila usiku wa manane wenzo huo husukuma tarehe hatua moja. Mdomo ukiwa umezama bondeni, mwisho wa mwezi wenzo hushika tarehe mapema na kuirusha siku mbili, tatu au nne kwa mkupuo, kutoka 28 hadi 1. Kumbukumbu ya siku 1,461 yote imo katika kina cha mabonde. Hakuna hesabu inayofanywa. Kuna kupapasa tu.

Mpango huu ni wa zamani. Mwingereza Thomas Mudge alikuwa ameutia katika saa ya mfukoni kufikia miaka ya 1760, na mwaka 1925 kampuni ya Patek Philippe ya Geneva ikaufunga kwenye saa ya mkono, kwa mashine ya 1898 iliyokusudiwa saa ya kidani ya mwanamke. Hapo ndipo swali lenyewe linapokuja. Kama ngumi ilishachongwa na inafanya kazi, kwa nini makampuni yanaendelea kuibuni upya kalenda ile ile, na kwa nini wapenzi wa saa hushangilia toleo jipya ambalo halijaongeza hata kazi moja?

Kwa sababu shida haikuwa kujua tarehe. Shida ilikuwa vidole vya mwenye saa, unene, na macho.

Anza na vidole. Saa hizi zilisahihishwa kwa vishimo vidogo ubavuni, kimoja cha siku, kingine cha tarehe, kingine cha mwezi, kwa kuchokoa na kijiti. Saa ikisimama kwenye droo wiki mbili, una kazi ya jioni nzima. Mwaka 1985 Kurt Klaus, fundi wa kampuni ya saa ya IWC, alitoa kalenda yenye vipande 81 ambayo yote huendeshwa kwa kile kichwa cha kutilia ufunguo, kila kitu kikisonga pamoja, hata mwaka kwa tarakimu nne. Iliuzwa na kipande cha akiba chenye tarakimu za karne zijazo, ndani ya kichupa cha kioo, ili mtu wa mwaka 2200 akibadilishe. Nampenda fundi anayemfikiria mteja ambaye hajazaliwa. Lakini ilikuwa na kasoro: haikurudi nyuma. Ukipitiliza siku kumi, unaiacha isimame na kusubiri siku kumi. Mwaka 1996 fundi Ludwig Oechslin akaitengenezea kampuni ya Ulysse Nardin kalenda inayokwenda mbele na kurudi nyuma vilevile, akitumia magurudumu badala ya msitu wa wenzo na springi.

Kisha unene. Kwa kawaida kalenda ilikaa juu ya mashine kama ghorofa, na yenyewe ilikuwa na sakafu tatu. Kampuni ya Audemars Piguet walipoibuni upya saa yao ya Royal Oak ya kalenda mwaka 2018 walizishusha sakafu zote tatu kuwa moja. Kipande cha kutambua mwisho wa mwezi kikaunganishwa na gurudumu la tarehe lenyewe, na ile ngumi ikaunganishwa na gurudumu la mwezi. Mashine iliyokuwa milimita 4.31 ikawa 2.89. Saa nzima pamoja na kasha ni milimita 6.3, nyembamba kuliko penseli ya mtoto wa shule. Kwa picha huwezi kutambua ugumu wake. Anayejenga ghorofa hulaza bati jipya juu ya la zamani akaendelea. Anayeshusha nyumba ya ghorofa tatu iwe ya chini bila kupoteza chumba, huyo lazima afikirie upya mahali pa kila mlango.

Toleo ninalolihusudu zaidi, hata hivyo, ni la macho. Mwaka 2021 Patek Philippe walitoa saa waliyoipa namba 5236P. Uso wa kalenda ya milele kwa desturi una vijiduara vitatu au vinne, mishale midogo kila pembe, na mtu huzunguka na jicho akikusanya Jumanne hapa, 14 pale, Septemba kule. Hii inaandika siku, tarehe na mwezi kwa mstari mmoja, kama uandikavyo juu ya barua. Ukitazama unasema, hiyo nayo ni kazi gani? Ni kazi hii: tarehe imegawanywa diski mbili, ya makumi na ya mamoja, jumla diski nne, na zote lazima zilale kwenye kimo kimoja bila kupishana, ili moja isionekane imezama kuliko jirani yake. Kuubana mstari huo kulidai vipande 118 zaidi ya kalenda ya kawaida. Wameongeza ugumu ndani ili kupunguza ugumu usoni. Bei yake ni ya nyumba, si ya saa, na mimi sitainunua katika maisha haya; ila kuitazama ni bure.

Mwaka 2100, kwa njia, utazikamata karibu zote. Kalenda ya Papa Gregory XIII ya 1582 inasema mwaka wa karne si mrefu ila ugawanyike kwa 400, na ngumi ya miezi 48 haijui hilo. IWC walitoa nyingine mwaka 2024 yenye gurudumu linalozunguka mara moja kwa miaka 400, lenye vikato vitatu vya kuiruka ile miaka mitatu ya karne isiyo mirefu. Inakwenda sawa hadi 3999. Zaidi ya hapo hawakuahidi, maana wao wanasema mwaka 4000 wenyewe, ingawa unagawanyika kwa 400, bado haujaamuliwa kama utakuwa mrefu.

Kuna kazi moja ya saa hizi ambayo huku kwetu ingechekesha. Saa ya mfukoni ambayo Patek Philippe walimkabidhi tajiri wa Marekani Henry Graves mwaka 1933 ilikuwa na kazi 24, mojawapo kuonyesha saa ya jua kuchomoza na kuzama mjini New York, ambako majira hulisogeza jua kwa saa nzima na zaidi. Iweke Kisumu, si mbali na kibao cha Ikweta pale Maseno. Mshale wa macheo ungebembea kati ya saa kumi na mbili na dakika ishirini hivi mwanzoni mwa Novemba na dakika hamsini hivi katikati ya Februari, basi. Nusu saa kwa mwaka mzima. Fundi angelipwa pesa nyingi kutengeneza mshale unaotetemeka tu.

Wiki iliyopita nilirudi barazani, nikamwonyesha yule mzee picha ya 5236P kwenye simu. Alibandika lenzi yake jichoni kwa mazoea, akaiinamia skrini, akacheka: "Naona vidoti tu." Akaitoa lenzi, akaishika simu mbali kidogo, akaipanua picha kwa vidole viwili kwenye ule mstari wa tarehe. Nikamwelezea diski nne na vipande vyake. Alinyamaza muda mrefu kiasi kwamba mteja wa betri alikuja, akasubiri, akakohoa.

"Sasa hizi diski zikilala pamoja hivi," akasema hatimaye, "ikiharibika, unaanza kuifungua upande gani?"