Kwa nini nyumba za kando ya barabara kubwa hugeuka ofisi za mawakili?

Ukipita barabara ya Argwings Kodhek jijini Nairobi, kutoka Hurlingham kuelekea jengo la maduka la Yaya, tazama malango. Kuna nyumba za zamani zenye paa la vigae na dohani ya mawe, ua wa kayaba umebaki nusu, na langoni kibao cha daktari wa meno. Jirani yake ni mawakili. Anayefuata ni mhasibu. Zilijengwa ziwe makazi ya familia, kila moja na bustani yake. Familia zimekwenda wapi?

Barabara ndiyo iliyoanza kuzihamisha. Nyumba iliyojengwa wakati magari yalikuwa ya kuhesabika leo inalala na honi za matatu. Nguo zikianikwa zinaanuliwa na vumbi, na asubuhi mwenye gari anasubiri mpaka dereva mmoja amhurumie ndipo atoke langoni. Mpangaji mwenye watoto akipata nyumba mtaa wa ndani, anahama. Lakini msongamano uleule unaomfukuza mpangaji ndio unaomleta mteja. Mgonjwa wa jino anataka kliniki anayoweza kuelekezwa kwa simu bila kupotea, tena aifikie kwa matatu moja. Kwa hiyo ploti hiyohiyo hupungua thamani kama makazi na kupanda kama ofisi, na mwenye nyumba anajua kupiga hesabu.

Nyumba yenyewe nayo haina ubishi. Sebule inakuwa mapokezi, chumba cha kulia kinakuwa cha mikutano, vyumba vya kulala vinagawiwa mawakili, na bustani inamwagwa kokoto magari yaegeshwe.

Mbona basi ni ofisi, wala si baa au duka la vifaa vya ujenzi? Hapo ndipo mtaalamu wa mipango miji anapoingia. Ofisi ya mhasibu haipokei lori la saruji, haipigi muziki, na ikifika jioni inafungwa. Kwa familia iliyo nyuma yake, huyo ni jirani anayelala mapema. Akikaa mbele, anapokea kelele za barabara kwa niaba ya nyumba za ndani. Mimi naona hoja hiyo ina nguvu, ingawa ina tundu tutakaloliona.

Kisheria, kugeuza kibao pekee hakutoshi. Ardhi ya mjini huandikiwa matumizi yake, na kuyabadili kunahitaji kibali cha kaunti chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019, iliyochukua nafasi ya ile ya 1996. Mwombaji hutangaza nia yake magazetini na kwenye kibao anachosimamisha kwenye ploti, na majirani hupewa siku 14 kuwasilisha pingamizi. Kuna kifungu kimoja ambacho wengi hawakijui: mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, huhesabiwa kuwa amekubaliwa. Ukimya wa ofisi ya kaunti ni jibu pia. Huko Karen na Langata, chama cha wakazi, Karengata, kimejulikana miaka mingi kwa kufuatilia maombi ya aina hii. Mitaa mingi haina chama cha namna hiyo.

Sasa lile tundu. Kibali hufuata ardhi, hakifuati ile nyumba ya vigae. Ploti ikishaitwa ya ofisi, ombi linalofuata ni la ghorofa, na nyumba ya pili, iliyobanwa katikati ya ofisi mbili, inaomba kwa hoja kwamba mtaa umeshabadilika. Nani atakataa? Ofisi iliyo ndani ya nyumba ya zamani haisumbui sana mabomba ya majitaka, maana hakuna anayeoga wala kufua humo. Shida huja nyumba inapobomolewa na ghorofa kujengwa mahali pake.

Upper Hill inaonyesha safari hiyo inavyoweza kufika mbali. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, wakubwa wa reli walipewa makazi kwenye kilima, juu ya tambarare yenye kinamasi. Palibaki pa nyumba zenye bustani kwa miongo mingi. Leo pana ofisi za Benki ya Dunia na jengo la Britam, lililokamilika 2017 na lenye urefu wa mita 200. Anayetafuta ua wa kayaba huko atatafuta sana.

Kwa hiyo ukiona kibao cha tangazo langoni, usiishie kwenye maneno "kutoka makazi hadi ofisi". Tafuta kama idadi ya ghorofa imetajwa, kisha angalia tarehe, maana siku za pingamizi ni 14 tu. Na kama unaishi nyuma ya ploti hiyo, huenda usikione kabisa: kibao hutazama barabara kubwa, nawe unaingia kwako kwa njia ya ndani.