Trauti wa Mlima Kenya na Aberdare: yanayosemwa mtoni na yalivyo

Anayepanda kwa mara ya kwanza kwenda mito ya Thego, Burguret, Gura au Ragati kuvua trauti, samaki wa maji baridi, kwa nzi bandia (manyoya yaliyofungwa kwenye ndoana) huwa amebeba vitu viwili: ufito wa kuazima na kalenda ya Ulaya. Ufito hauna neno. Kalenda ndiyo inayomrudisha nyumbani mikono mitupu, kwa sababu huku karibu na ikweta msimu unasomwa kwenye maji yenyewe.

"Msimu wa trauti huanza Machi au Aprili"

Huo ni msimu wa Uskoti, ambako trauti wa kahawia havuliwi kati ya 7 Oktoba na 14 Machi ili azae kwa amani. Kwenye mito ya Mlima Kenya na Aberdare, Aprili ni katikati ya masika. Mto una rangi ya chai ya maziwa, unabeba magogo, na samaki amejibanza kando kando ya kingo akisubiri yapite. Vuli ya Oktoba hadi Desemba nayo huharibu siku nyingi, ingawa huacha nafasi katikati ya mvua na mvua.

Vipindi vya kutegemea ni viwili, na havifanani. Januari na Februari maji ni machache na maangavu kama kioo. Samaki wanaonekana, nao wanakuona. Hapo tumia nzi mdogo, namba 14 hadi 16 (namba ikikua, ndoana hupungua), na uzi mwembamba wa mwisho. Juni hadi Septemba mito bado ina maji ya kutosha, Julai ina baridi na manyunyu, na samaki hula hata mchana kutwa kwa kuwa jua halipigi moja kwa moja. Kwa maoni yetu kipindi hiki cha pili ndicho bora kwa anayejifunza: maji yenye rangi kidogo humsamehe mvuvi makosa mengi.

Mvua ikinyesha, usihesabu siku. Ingia majini hadi magotini, mahali palipotulia, uangalie miguu yako. Ukiona vizuri ncha za viatu, vua kama kawaida. Ukiona miguu kama kivuli, funga nzi mweusi mkubwa, namba 8 au 10, umpitishe karibu kabisa na ukingo, mahali ambapo mkondo umepungua nguvu. Usipoiona kabisa, kaa unywe chai. Vijito vya juu msituni husafika upesi, wakati mwingine kwa siku moja. Chini ya mashamba, ambako udongo mwekundu huoshwa mtoni, subira ni ndefu zaidi.

Jambo moja haliwezi kungoja: mvua ya kileleni hufika kwako bila wingu juu ya kichwa chako. Maji yakianza kubeba majani makavu na vijiti, rangi ikabadilika, na jiwe ulilopita juu yake likafunikwa, toka upande ule ule ulioingilia.

"Mlimani maji ni baridi, kwa hiyo samaki yuko salama daima"

Baridi ni nusu ya habari. Maji ya nyuzi 10 za Selsiasi hubeba takribani miligramu 11 za oksijeni kwa lita yakiwa usawa wa bahari; ya nyuzi 20 hubeba 9 tu. Ukiwa meta 2,000 juu hewa ni nyepesi, na kiwango hicho hupungua tena kwa karibu moja ya tano. Ndiyo kusema kijito cha chini chenye nyuzi 20 saa nane mchana kina oksijeni ya kubana kweli, hata kama mkono wako unakihisi ni baridi.

Mkono si kipimo. Chukua kipimajoto kidogo, kizamishe kivulini kwenye maji yanayotembea, ukiache dakika moja nzima. Kati ya nyuzi 10 na 16 trauti wa upinde wa mvua hula kwa raha. Chini ya hapo pitisha nzi polepole, chini kabisa. Ikifika 18, vuta samaki upesi usimchoshe. Ikifika 20, acha, au panda juu zaidi. Kanuni ya kukadiria ni kwamba hewa hupoa kama nyuzi 6 kwa kila meta 1,000 unazopanda. Trauti huanza kupatikana kwa uhakika ukipita meta 1,800 hivi, na huko mwinuko hufanya kazi ambayo Ulaya hufanywa na mwezi wa kalenda.

"Nzi hurushwa kwa nguvu ya mkono"

Nzi bandia ni manyoya na uzi vilivyofungwa kwenye ndoana. Wa namba 14 hafiki hata sehemu ya kumi ya gramu. Huwezi kurusha kitu kama hicho, sawa na usivyoweza kurusha unyoya. Kinachosafiri ni mshipi: meta 9 za mwanzo za mshipi namba 4 zina uzito wa gramu 7.8 hivi, na uzito huo ndio unaopinda ufito, kisha nzi akaburutwa nyuma yake. Nguvu nyingi huharibu tu.

Vitabu vya kigeni husema ufito usimame kwenye "kumi" mbele na "moja" nyuma ya bega. Hizo ni namba za kwenye uso wa saa ya ukutani, si saa kumi na saa moja zetu. Maana yake ni fupi: ufito usilale nyuma. Uinue kwa kuongeza kasi, usimamishe ghafla ukiwa umepita kichwa kidogo tu, *subiri mshipi unyooke nyuma*, ndipo urudishe mbele. Wengi hukosea kwenye kusubiri. Ukisikia mlio kama wa mjeledi, umerudisha mapema, na kuna uwezekano nzi amekatika amebaki hewani. Kagua kabla hujaendelea kuvua na uzi mtupu.

Lakini kwenye Ragati au Naro Moru, katikati ya mianzi, hakuna nafasi ya nyuma. Hapo tumia mrusho wa kuviringisha. Acha mshipi ulale majini mbele yako. Vuta ufito nyuma taratibu hadi mshipi uning'inie kando ya bega ukifanya umbo kama herufi D. Tulia kidogo. Kisha piga mbele kama mtu anayegonga msumari, usimame juu, si chini. Mshipi utajikunjua juu ya maji. Ufito wa futi 7 hadi 8, wa mshipi namba 3 au 4, unatosha. Wa futi 9 utaushindia mitini.

"Nzi wa kuelea ndiye uvuvi wenyewe"

Nzi wa kuelea anapendeza kutazama, hilo halibishaniwi. Ila trauti hula chini ya maji sehemu kubwa ya siku: lava wa wadudu, wale wanaojijengea vibanda vya changarawe juu ya mawe, na kaa wadogo wa mtoni. Zaidi ya hayo, kwenye mito ya tropiki wadudu hutoka mwaka mzima kidogo kidogo, si kwa mafuriko ya wiki mbili kama kaskazini. Kungoja "wingu la wadudu" linalosimuliwa kwenye majarida ni kungoja basi kwenye kituo kilichohamishwa. Isipokuwa baada ya mvua za kwanza: kumbikumbi wakiruka na kuangukia mtoni, funga chochote cha kahawia chenye mabawa na uache kuchagua.

Siku za kawaida, geuza mawe matatu kwenye maji yaendayo kasi, utazame kilichoshikilia upande wa chini, ndipo ufungue kisanduku. Nzi waitwao Kenya Bug mweusi na Mrs Simpson hutosha kwa siku nyingi. Kosa kubwa haliko kwenye jina la nzi bali kwenye kina na mwendo. Maji ya chini huenda polepole kuliko ya juu, kwa hiyo mshipi unaoburutwa na maji ya juu humvuta nzi mbio kuliko mdudu halisi, na samaki humwacha apite. Weka kielea umbali wa mara moja na nusu ya kina kutoka kwa nzi. Maji ya sm 60, uzi wa sm 90. Inua mshipi na kuulaza upande wa juu wa mkondo kila unapoanza kupinda. Nzi asipogusa changarawe hata mara moja katika kupita mara tano, ongeza uzito.

Kuhusu unene wa uzi, ambao huandikwa kwa namba na X: toa namba ya X kwenye 11, utapata unene kwa sehemu za elfu za inchi. 5X ni mm 0.15, wa maji maangavu. 4X ni mm 0.18, wa maji yenye rangi na nzi wakubwa kidogo.

"Samaki aliye chini sana hakuoni"

Kinyume chake. Trauti hutazama nje kupitia duara juu ya kichwa chake ambalo upana wake ni mara mbili na zaidi kidogo ya kina alichopo. Aliye sm 30 chini ana duara la karibu sm 70. Aliye meta moja chini ana la zaidi ya meta mbili. Kinachokuficha ni kuwa chini, kwa kuwa mwanga unaokuja karibu na usawa wa maji hupindishwa na kufifia. Ukiwa meta 10 kutoka kwake, mtu aliyesimama kwenye usawa wa maji hufichika kwa shida. Ukiwa meta 5, kila kilicho juu ya sm 90 kiko wazi. Ndiyo maana wazoefu hutembea kwa magoti, wakitokea upande wa chini ya mto, kwa kuwa trauti huelekeza kichwa mkondo unakotoka.

"Trauti ni samaki wa asili wa mlima huu"

La. Mayai ya trauti wa kahawia yaliletwa kutoka Loch Leven, Uskoti, mwaka 1905 na Ewart Grogan, wakapandwa Gura. Wa upinde wa mvua walifuata mwaka 1910 kutoka Afrika Kusini, na kituo cha Kiganjo karibu na Nyeri kilianza kuzalisha vifaranga mwaka 1948. Wote wawili wamo kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Hivyo usihamishe samaki hai kutoka kijito kimoja hadi kingine, hata kwa nia njema.

Kuna pia wanaoulizia stilihedi, yule mkubwa wa mito ya Pasifiki ya Marekani na Kanada. Huyo ni trauti wa upinde wa mvua yule yule, aina moja, aliyeshuka baharini kunenepa na kurudi mtoni kuzaa. Wetu hawezi: hata mito inayoingia Tana hupita mabwawa na nyika yenye joto kabla ya kufika Bahari ya Hindi.

"Ukimwachia, ataishi"

Inategemea ulivyomshika. Bana kijino cha ndoana kwa koleo kabla ya kuanza. Lowesha mikono, kwani mkono mkavu huondoa ute unaomkinga na maradhi. Mtoe ndoana akiwa ndani ya maji. Picha, ikibidi, isizidi sekunde 10. Akilegea, mshike kichwa kikielekea mkondo, maji yaingie mdomoni na kutokea kwenye matamvua. Usimsukume mbele na nyuma, kwa kuwa maji ya kurudi nyuma hayamsaidii.

"Kibali cha uvuvi kinatosha"

Kibali cha uvuvi kinakuruhusu kuvua, na masharti ya chambo, ukubwa na idadi yamo humo. Yasome kila mara kwa sababu hubadilika. Kuingia ni jambo jingine: ndani ya hifadhi ya taifa utashughulika na KWS (Shirika la Wanyamapori Kenya), ndani ya msitu wa serikali na KFS (Shirika la Misitu Kenya). Ulizia askari wa kuandamana nawe. Hakuna ule mwanga mrefu wa jioni wa Uskoti hapa. Jua likizama giza liko mlangoni. Saa kumi na moja jioni uwe umeshakunja mshipi, maana nyati hushuka kunywa kwa njia ile ile uliyopitia asubuhi.